Gemu la Risasi Huchora Nini, na Huacha Nini?

Kompyuta ya mezani iliyomaliza miaka yake ofisini Ulaya, ikauzwa Kariakoo kama mtumba na kufika Muheza kwa basi, inaweza kuchora dunia nzima mara 60 kwa sekunde. Gawanya sekunde moja kwa 60 utaona kila picha imepewa milisekunde 16.7 tu. Kioo cha kawaida chenye pikseli 1,920 kwa 1,080 kina nukta 2,073,600, na kila nukta inasubiri rangi yake. Kwa sekunde moja, hizo ni rangi 124,416,000. Wakati huohuo mashine inatakiwa ijue risasi imempata nani, nani ameruka, na nani amejibanza nyuma ya ukuta.

Inawezaje? Kwa magemu mengi ya kuuzwa hatuwezi kujibu kwa uhakika, maana msimbo wake umefungiwa ndani ya kampuni. Lakini yapo magemu ya risasi yanayotolewa bure pamoja na msimbo wa injini zake: OpenArena, Xonotic, Sauerbraten, AssaultCube, Red Eclipse, Freedoom na mengine. Hayo yanafunguka, na mwenye subira anaweza kuyasoma mstari kwa mstari.

Ukiyasoma utakutana na jambo moja kila mahali. Injini ya gemu, yaani ile sehemu ya programu inayochora, kupima migongano na kuendesha mwendo, hufanya kazi kwa kuacha. Huacha kuchora kisichoonekana, huacha kukokotoa kilichokwisha kukokotolewa jana, na huacha usahihi pale ambapo jicho halitagundua. Na kile ambacho kila injini imechagua kukiacha ndicho kinachoamua gemu litachezwaje.

Yote huanza na kugawanya

Tuanze kabla ya kompyuta. Ukitoka Muheza kwenda Tanga utapita mashamba ya mkonge. Simama kwenye kichwa cha shamba utazame katikati ya mistari miwili ya mkonge. Kwa kamba ya kupimia, mistari hiyo haikaribiani hata kidogo. Kwa jicho, inabanana kadiri inavyokwenda mbali, mpaka inaonekana kama imeungana. Gemu linalotaka kudanganya jicho lazima lifanye hivyohivyo, na hesabu yake ni ya pembetatu zinazofanana.

Weka kioo cha kompyuta sentimita 60 mbele ya jicho lako, ukione kama dirisha. Nyuma ya dirisha, mita 20 kutoka kwako, kuna nguzo ya umeme yenye urefu wa mita 10. Miale inayotoka kwenye ncha ya nguzo na kwenye shina lake inakutana jichoni, na njiani inapita kwenye kioo. Pembetatu ndogo inayoishia kwenye kioo ina umbo sawa na pembetatu kubwa inayoishia kwenye nguzo. Kwa hiyo urefu wa nguzo kwenye kioo ni mita 10 mara 0.6, gawanya kwa 20. Jibu ni sentimita 30. Ikiwa kioo chako kina kimo cha sentimita 30, nguzo hiyo imekijaza chote.

Nguzo ikiwa mita 40 mbali, unapata sentimita 15. Ikiwa mita 200, sentimita 3. Ikiwa kilomita 6, milimita 1, ambayo kwenye kioo cha mistari 1,080 ni pikseli kati ya 3 na 4. Mistari miwili ya mkonge iliyoachana mita 4 itaachana sentimita 12 kwenye kioo kwa umbali wa mita 20, na milimita 1.2 kwa umbali wa kilomita 2. Shamba lile lote limeingia kwenye hesabu moja: zidisha ukubwa kwa umbali wa kioo, kisha gawanya kwa umbali wa kitu.

Tatizo ni hilo neno gawanya. Ndani ya prosesa, kujumlisha ni kazi nyepesi, kuzidisha ni nzito kidogo, na kugawanya ni nzito kuliko zote mbili. Mwaka 1993, kampuni ya id Software ya Marekani ilipotoa Doom, prosesa za nyumbani zilikuwa dhaifu mno kuweza kugawanya kwa kila pikseli. Mtunzi wa injini hiyo, John Carmack, aliweka masharti: kuta zote zisimame wima, sakafu zote zilale sawasawa, na mchezaji asiinue wala kuinamisha kichwa. Kwa masharti hayo, kila mstari wa wima wa ukuta, kuanzia juu hadi chini, uko kwenye umbali mmoja. Unagawanya mara moja, kisha unashusha rangi mstari mzima. Kioo cha Doom kilikuwa na pikseli 320 kwa 200. Kazi ya kugawanya mara 64,000 ikageuka kazi ya kugawanya mara mia kadhaa.

Tazama sasa masharti hayo yalivyozaa mchezo. Kwa kuwa huwezi kutazama juu, injini inakusaidia kulenga adui aliye ghorofani au shimoni: ukimweka sawa kushoto na kulia, risasi inampata. Kwa kuwa ramani ni mchoro wa bapa uliopewa kimo, chumba hakiwezi kukaa juu ya chumba kingine. Kwa hiyo ujuzi wa mchezaji wa Doom ni wa miguu kuliko wa macho: kukimbia kwa mduara, kupisha kombora, kujua mlango uko wapi. Freedoom, gemu huria linalotumia injini hiyohiyo, linachezwa namna hiyo mpaka leo.

Kwa nini pembetatu

Kwa vitu visivyo kuta, kama uso wa mtu, pipa au mwamba, injini za leo hutumia umbo moja tu: pembetatu. Sababu yake anaijua kila aliyewahi kupika kwa kuni. Chungu kikikaa juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata kama ardhi si sawa, kwa kuwa nukta tatu hukubali bapa moja tu kupita juu yake. Ongeza figa la nne, na chungu kinaweza kuanza kucheza. Injini iliyopewa pembetatu haina haja ya kuuliza kama umbo limepinda. Umbo la pembe nne lingeweza kupinda katikati, na injini ingelazimika kuuliza kila mara.

Pembetatu ina faida ya pili. Ukijua rangi, umbali na mwanga kwenye pembe tatu, unaweza kukisia kila nukta ya ndani kwa kuchanganya hizo tatu kwa uwiano. Hapo ndipo Quake, gemu la kampuni hiyohiyo la mwaka 1996, lilipopiga hatua. Lilikuwa na dunia ya vipimo vitatu kamili: ghorofa juu ya ghorofa, daraja juu ya maji, kichwa kinachoinuka na kuinama. Ule ujanja wa mstari wa wima ukawa haufai tena. Carmack na Michael Abrash wakatafuta mwingine: picha za kutani zinagawanywa kwa usahihi kila baada ya pikseli 16, na pikseli zilizo katikati zinakisiwa kwa kujumlisha tu. Wakati kipande kimoja cha prosesa ya Pentium kinachora pikseli hizo 16, kipande kingine kinamalizia ugawanyaji wa hatua inayofuata. Makosa yapo, lakini ni madogo kuliko jicho linavyoweza kuona kwenye ukuta unaopita kwa kasi.

Nani yuko mbele ya nani

Sasa tuna ukuta mmoja na tunajua kuuchora. Nyumba ina kuta nyingi, na ukuta wa mbele lazima ufiche wa nyuma. Njia rahisi ni kuchora vya mbali kwanza, kisha vya karibu juu yake. Inafanya kazi, lakini unachora mara tano mahali patakapoonekana mara moja.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida, kama zilizojaa Muheza mjini: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, mlango wa uani mwisho. Tuitengenezee ramani. Mstari wa kwanza tunaukata kwenye ukuta wa kushoto wa ukumbi, na sasa kila kitu kiko upande mmoja au mwingine wa mstari huo. Kila upande tunaukata tena kwa ukuta mwingine, na tena, mpaka kila kipande kiwe chumba kimoja kisicho na kona ya kujificha. Kazi hii inafanywa mara moja tu, wakati ramani inatengenezwa, hata siku kadhaa kabla ya mtu kucheza.

Siku ya kucheza, injini inauliza swali moja kwenye kila mkato: mchezaji yuko upande gani? Akiwa kushoto, vyote vya kushoto viko karibu kuliko vya kulia, basi vichorwe kwanza. Kisha inashuka kwenye mkato unaofuata na kuuliza tena. Mwishoni imepata orodha ya kuta zote, kuanzia ya karibu hadi ya mbali, bila kupima umbali wa ukuta hata mmoja. Na kwa sababu mikato inagawanya kwa mbili, ramani yenye vipande 1,000 inahitaji maswali kama 10 tu kujua umesimama kipande gani, maana 2 ikizidishwa yenyewe mara 10 ni 1,024. Mbinu hii iliandikwa na Henry Fuchs, Zvi Kedem na Bruce Naylor mwaka 1980. Doom ndiyo iliyoipeleka majumbani.

Quake ikaongeza swali la pili, nalo pia likajibiwa kabla ya siku ya kucheza: kutoka chumba hiki, ni vyumba gani vinaweza kuonekana hata kidogo? Ukiwa chumba cha mbele kushoto cha nyumba yetu, kupitia mlango wako unaona kipande cha ukumbi, na pengine chumba kinachokutazama ng'ambo. Chumba kilicho nyuma ya ukuta wako hutakiona hata ufanyeje. Kwa vyumba sita, hayo ni majibu 36 ya ndiyo au hapana. Kwa ramani yenye vipande 1,000 ni majibu milioni moja, nayo yanaingia kwenye baiti 125,000, pungufu ya picha moja ya simu. Mchezaji akiingia chumbani, injini inasoma mstari mmoja wa jedwali hilo na kusahau sehemu nyingine yote ya dunia.

Shamba halina kuta

Sasa itoe injini hiyo ndani ya nyumba na uipeleke kwenye lile shamba la mkonge. Jedwali linakuwa halina maana, kwa kuwa kutoka kila mahali unaona kila mahali. Ndiyo sababu magemu mengi yaliyotokana na ukoo wa Quake yanachezewa ndani ya majengo, mahandaki na viwanja vilivyozungushiwa kuta. Watunzi waliwapa wachezaji kile ambacho injini ilimudu.

Anayetaka uwanja wazi hutafuta namna nyingine za kuacha. Moja anaijua kila aliyepanda barabara ya Amani asubuhi ya mvua: ukungu wa Usambara Mashariki unameza miti iliyo hatua chache mbele. Magemu hutumia ukungu wa kuchora kwa makusudi, kisha yanaacha kabisa kila kilicho nyuma yake. Nyingine ni kubadilisha umbo kwa umbali: mti wenye pembetatu 2,000 ukiwa karibu unapewa 50 ukiwa mbali, kwa sababu tuliona kwamba nguzo nzima kwenye kilomita 6 ni pikseli tatu au nne tu.

Mholanzi Wouter van Oortmerssen alikwenda njia yake mwenyewe katika injini za Cube na Cube 2, hiyo ya pili ndiyo iliyobeba Sauerbraten. Dunia ya Cube 2 ni mchemraba mmoja mkubwa. Mchemraba huo unakatwa kuwa minane, na kila mmoja kati ya hiyo unaweza kukatwa minane tena. Ulioachwa mtupu haukatwi zaidi, kwa hiyo hewa haichukui nafasi kwenye kumbukumbu. Mchemraba wenye upande wa vipimo 1,024 unafika kwenye kipimo kimoja kwa mikato 10.

Faida yake kwa mchezaji ni ya ajabu. Ramani ya Quake hupikwa kwanza, dakika au hata saa kadhaa, ndipo ichezwe. Ramani ya Sauerbraten inajengwa ukiwa ndani yake: unabonyeza kitufe, mwendo wako unageuka wa mjenzi, unavuta ukuta, unabonyeza tena na kuendelea kucheza. Watu wawili wanaweza kujenga chumba kimoja kwa pamoja kupitia mtandao. Hapo muundo wa data umezaa aina mpya ya mchezo.

Mwanga na namba moja

Weka kibatari katikati ya chumba cha nyumba yetu. Ukuta ulio mita 1 unapata mwanga kiasi fulani. Ulio mita 2 unapata robo yake, na ulio mita 3 unapata moja ya tisa, kwa kuwa mwanga uleule umesambaa kwenye eneo linalokua kwa mraba wa umbali. Kufanya hesabu hiyo kwa kila nukta na kila taa kungeiua prosesa. Quake ilikokotoa mwanga kabla ya mchezo na kuuhifadhi kama picha hafifu za vivuli, zinazobandikwa juu ya picha za kutani. Vivuli vinapendeza, ila taa haihami.

Kwa vitu vinavyohama inabidi kukokotoa papo hapo, na hapo kuna kazi moja isiyokwepeka: kuufanya mshale wa mwelekeo uwe na urefu wa 1. Mshale unaokwenda 3 upande na 4 mbele una urefu wa 5, kwa kanuni ya Pythagoras. Gawanya kwa 5, unapata 0.6 na 0.8. Kwa maneno mengine, tunahitaji moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha 25. Kuna kipeuo na kuna kugawanya, vyote vizito, na vinahitajika maelfu ya mara kwa kila picha.

Katika msimbo wa Quake III Arena kuna mistari michache iliyofanya wasomaji wake washike vichwa. Inachukua namba jinsi ilivyoandikwa kwa biti, inaigawanya kwa mbili kwa kusogeza biti hatua moja, kisha inaitoa kutoka kwenye 1,597,463,007. Inaonekana kama uganga, lakini msingi wake umo kwenye vipeo. Kipeuo cha pili cha 10 kwa kipeo cha 6 ni 10 kwa kipeo cha 3: kipeo kimegawanywa kwa 2. Kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa mtindo wa vipeo, kwa hiyo kuzigawanya biti zake kwa 2 ni karibu sawa na kutafuta kipeuo. Kutoa kunageuza alama ya kipeo, yaani kunaleta ile moja gawanya kwa. Namba ile ndefu inasawazisha makosa.

Jibu linalotoka ni kisio tu. Kisha linanolewa mara moja kwa kanuni ya Newton: zidisha kisio kwa 1.5, kisha toa nusu ya namba iliyozidishwa kwa kisio mara tatu. Jaribu kwa 25, ambayo jibu lake halisi ni 0.2. Tuseme tumekisia vibaya, 0.19. Ukifuata kanuni unapata 0.1993. Kosa la asilimia 5 limeshuka hadi chini ya nusu ya asilimia moja, na hakuna kugawanya kulikofanyika. Msimbo wa Quake III unaanza na kisio kizuri kuliko chetu, kwa hiyo kosa lake halizidi asilimia 0.18. Wengi walidhani ni ubunifu wa Carmack, lakini waliofuatilia asili yake waliishia kwa Greg Walsh, mhandisi wa Ardent Computer katika miaka ya 1980.

Kasoro iliyogeuka ufundi

Mpaka hapa tumezungumzia macho. Miguu nayo ina hesabu zake, na humo ndimo ilimozaliwa tofauti kubwa ya uchezaji.

Katika Quake III kasi ya kukimbia ni vipimo 320 kwa sekunde. Ungetarajia injini ipime kasi yako yote na kukuzuia ikizidi hapo. Haifanyi hivyo. Inapima kiasi cha kasi yako kinachoelekea upande unaobonyeza, na ikiwa kiasi hicho hakijafika 320, inakuongezea.

Tuseme unakwenda kaskazini kwa 320, umeruka na uko hewani, pasipo msuguano wa ardhi. Unabonyeza kuelekea kaskazini-mashariki. Sehemu ya kasi yako inayoelekea huko ni 226 tu. Injini inaona upungufu wa 94 na kukupa, tuseme, 30 kwa mwelekeo huo. Gawa 30 hiyo: 21 kaskazini, 21 mashariki. Sasa una 341 kaskazini na 21 mashariki, jumla kwa kanuni ya Pythagoras ni 342. Umeivuka 320. Ruka tena, geuza mausi kidogo, na uongeze tena.

Watunzi hawakukusudia hili. Wachezaji waliligundua, wakalifanyia mazoezi, na magemu huria yaliyofuata yakalikumbatia. Xonotic, inayotumia injini ya DarkPlaces iliyotokana na Quake ya kwanza, ni gemu la kasi: anayejua kuruka huku akijiongezea mwendo humwacha mgeni kana kwamba amesimama. Warsow, iliyojengwa juu ya ukoo wa Quake II, iliongeza kuruka kwa kujisukuma ukutani. Red Eclipse ilianza juu ya Cube 2 na kufanya kukimbia juu ya kuta kuwa sehemu ya mchezo. AssaultCube ilikwenda kinyume: ramani ndogo, timu mbili, bunduki zinazofanana na za kweli, na mafunzo makuu ni kona, subira na kulenga. Unvanquished ikachanganya risasi na mkakati, binadamu wakijenga kambi dhidi ya viumbe wanaotambaa kutani. Injini hizi ni za koo chache tu, lakini kanuni za mwendo zilizoandikwa juu yake zimetoa michezo isiyofanana.

Umbali wa seva

Mchezaji wa Muheza ana adui mmoja ambaye kadi ya grafiksi haimwezi, naye ni umbali. Mwanga ndani ya mkongo hupita kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Muheza hadi Frankfurt, mji wenye seva nyingi, ni karibu kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Kwenda ni milisekunde 34, na kurudi 34 nyingine. Jumla 68, na huo ni mstari usiokuwepo duniani. Mkongo wa kweli hupita baharini na kuzunguka, na vifaa vya njiani huongeza ucheleweshaji wake. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata, mawasiliano ya nje yalitegemea sana setilaiti, na hapo kwenda na kurudi kulizidi nusu sekunde.

Katika milisekunde 68 picha nne zimepita kwenye kioo, na mtu anayekimbia mita 8 kwa sekunde amesogea zaidi ya nusu mita. Ukimlenga pale unapomwona, hayupo. QuakeWorld, toleo la Quake la kuchezea mtandaoni la mwaka 1996, ilileta dawa kwa mwendo wako mwenyewe: kompyuta yako haingoji ruhusa ya seva ili kukusogeza. Inakisia, inakuchora mahali inapodhani upo, kisha seva ikijibu tofauti inakusahihisha. Ule mtikisiko wa ghafla, mchezaji anaporudishwa nyuma hatua mbili, ndio kisio kilichokosewa. Vijana husema gemu linalagi.

Kinga bora ni kuacha intaneti yenyewe. Kompyuta kumi kwenye chumba kimoja, swichi moja na nyaya zake, zinaongea kwa chini ya milisekunde 1 bila kula bando. Mengi ya magemu haya huja na seva yake ndani, na mtu mmoja akiyapakua, wengine wananakili kwa flashi kihalali. AssaultCube ni makumi ya megabaiti tu, na iliandikwa ili iende kwenye mashine za zamani. Xonotic ni kama gigabaiti moja na inataka kadi bora zaidi.

Kwa nini tunaruhusiwa kufungua

Carmack alitoa msimbo wa Doom Desemba 1997. Msimbo wa Quake ulifuata Desemba 1999, na wa Quake III Agosti 2005, yote miwili chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo inakuruhusu kutumia, kusoma, kubadilisha na kugawa, kwa sharti kwamba ukigawa ulichobadilisha, nawe utoe msimbo wako. Picha, sauti na ramani za magemu hayo hazikutolewa. Ndipo watu wa kujitolea wakachora upya kila kitu: Freedoom kwa ajili ya injini ya Doom, OpenArena kwa ajili ya Quake III. AssaultCube na Sauerbraten zina injini huria, ila baadhi ya picha na sauti zake zina masharti yake, kwa hiyo soma faili la leseni kabla hujachukua kitu kukiuza.

Afrika Mashariki si ngeni kwa uhuru huo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi na hapakuwa na kampuni ya kuombwa ruhusa. Menyu za OpenArena zinaweza kutafsiriwa vivyo hivyo, na nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi na uani inaweza kuwa ramani ya Sauerbraten ndani ya wikiendi moja.

Walimu wa fizikia na hisabati wenye maabara ya kompyuta, jaribuni hili. Fungueni OpenArena, mwingie kwenye konsoli kwa kitufe kilicho chini ya Esc. Mvutano wa dunia ni vipimo 800, na kasi ya kuruka ni 270. Mraba wa kasi gawanya kwa mara mbili ya mvutano ni 45.6: hicho ndicho kimo cha kuruka. Muda hewani ni sekunde 0.675. Andikeni g_gravity 400, anzeni mchezo upya, na wanafunzi wakisie kabla ya kuruka. Kimo kitakuwa 91 na muda sekunde 1.35. Wakishapima wakaona hesabu ya ubaoni imetii, waonyesheni mstari wa msimbo ulioandika 270, kisha waacheni waubadilishe.